Gorogoro la Kila Muuzaji

Msomaji, ukipita katika soko la Mikinduri, chini ya vilima vya Nyambene, utaona mahindi na maharagwe yakipimwa kwa gorogoro. Kila muuzaji ana lake. Likibonyea moja ubavuni, mnunuzi hulipa bei ile ile kwa nafaka pungufu.

Wapo vijana wa kompyuta watakao tuandike programu kwa desturi hiyo. Husema: kila programu na ijitegemee, ya karo ya shule iwe na kanuni zake, ya ushirika wa maziwa iwe na zake, na ya duka vivyo hivyo, ikianguka moja, nyingine zitasimama. Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini huleta hasara.

Kwa miaka mingi nambari za simu za mkono nchini Kenya zilianza na 07. Mwaka 2019 zikaja zinazoanza na 01. Basi fikiri umeandika programu hizo tatu, na katika kila moja umenakili kanuni kwamba nambari lazima ianze na 07. Unasahihisha ya shule, unasahihisha ya duka, ya ushirika unaisahau. Mkulima mwenye nambari mpya hukataliwa na mashine, wala hapati habari ya malipo yake, naye hajui amlaumu nani. Lau kanuni hiyo ingaliandikwa mara moja katika moduli moja, nazo programu zote zikaiazima humo, ungalisahihisha pahali pamoja tu. Hali kadhalika kodi ya ongezeko la thamani: ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi wa Aprili 2020, ikarudishwa 16 Januari 2021. Aliyenakili kiwango hicho pahali kumi alikisaka mara kumi, kisha mara kumi tena.

Wapinzani watanitajia Machi 2016, mwandishi mmoja alipoiondoa katika ghala la umma moduli yake ya mistari 11, left-pad, na programu nyingi ulimwenguni zikashindwa kujengwa. Ni kweli. Lakini kosa la waazimaji lilikuwa kutegemea ghala la mbali pasipo kuweka nakala nyumbani. Moduli uliyoiandika wewe haitaondoka usiku.

Neno moja nawakubalia. Vitu visiunganishwe kwa kuwa vimefanana sura. Karo na malipo ya maziwa huenda leo yakahesabiwa kwa njia moja. Kesho shule itabadili masharti yake, na ushirika yake. Moduli itakayo kuwatumikia wote wawili hujaa maulizo, “Wewe u shule? Wewe u ushirika?”, hata aliyeiandika asiweze kuisoma. Hesabu hizo ziache mbali mbali, hata kama mistari yake yalingana neno kwa neno. Bali nambari ya simu ni ile ile shuleni, ushirikani na dukani. Iandikie moduli yake leo, kabla hujaanza programu ya nne.