KICHWA CHA MZAZI SI JAMBO DOGO



Tumeulizwa, chama cha wafanyakazi chahusika nini na mashine ya kupiga picha ubongo? Chahusika sana. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa Bima ya Afya ya Jamii, na anayefanya kazi Lokiriama hukatwa sawasawa na wa Nairobi.

Chukueni mama mmoja, mpishi wa shule huko Lokiriama. Amejifungua salama, watu wamekwisha kushangilia. Siku ya sita kichwa chamgonga, macho yaona ukungu, halafu aanguka kwa degedege. Wazee wasema pepo, jirani asema malaria, naye tajiri wake asema anatafuta siku za kukaa nyumbani. Malaria yaweza kuwa kweli, na ipimwe kwanza. Lakini yaweza pia kuwa kifafa cha mimba, ambacho huja hata baada ya kuzaa, majuma kadhaa yakiwa yamepita. Au damu imeganda katika mishipa inayotoa damu ubongoni. Au mshipa umepasuka. Kwa nje magonjwa haya yafanana kama mapacha, na dawa zake si moja. Kifafa cha mimba chataka sindano ya magnesiamu na dawa ya kushusha presha. Damu iliyoganda yataka dawa ya kuzuia kuganda, na dawa hiyo akipewa aliyepasuka mshipa kwa presha, damu huzidi kuvuja.

Hapo ndipo MRI ina kazi. Hutumia sumaku, si eksirei, nayo huonyesha uvimbe wa ubongo na damu iliyoganda ambayo picha ya kawaida ya CT yaweza kuikosa. CT nayo isidharauliwe, ni ya haraka na huona upesi damu iliyovuja. (Kabla ya kuingia katika MRI kila chuma huvuliwa. Mama wa Kiturkana havui shanga zake za shingoni kwa amri ya kijana asiyemjua. Aelezwe kwa heshima.)

Hatudai MRI iwekwe Lokiriama. Hiyo yataka umeme usiokatika na mafundi, na tukiahidi tutakuwa twadanganyana. Lokiriama twataka kipimo cha presha kisicho kibovu, magnesiamu kabatini, na muuguzi aliyefundishwa kuitumia. Utafiti wa Magpie uliotangazwa 2002, wa nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Si dawa ya kitajiri.

Kisha twataka gari. Mvua ikinyesha laga hujaa, na njia ya Lodwar hufungwa. Mgonjwa akielekezwa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, kutoka Lodwar mpaka Kitale peke yake ni karibu kilometa 300, na Eldoret iko mbele yake. Picha yaweza kulipiwa na bima, lakini mafuta, chakula cha anayemsindikiza, na mtoto mchanga anayenyonya, nani alipa? Wapo wanaouza mbuzi. Wapo wanaobaki nyumbani.

Tena kuna jambo la kazi yenyewe. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili. Likizo hiyo ikiisha naye bado mgonjwa, aweza kuingia likizo ya ugonjwa, lakini kima cha chini cha sheria ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Mkono uliopooza haurudi kwa siku 14. Naye asiye na karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa huitwa mvivu, kwa hiyo picha ile humtibu na pia humlinda.

Twapendekeza kila mapatano mapya na waajiri yaongeze siku hizo kwa mzazi aliyepatwa na ugonjwa wa ubongo, na yataje nauli ya rufaa waziwazi. Makatibu wa matawi ya Lodwar, Kakuma na Loima walete maoni yao kwa maandishi kabla ya mkutano ujao. Wanawake wa matawi waandike wenyewe, wasiandikiwe.