*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: MTAALA MPYA BILA FILDI NI KARATASI*



Mwaka 2021 nchi yetu ilianza kutekeleza mradi wa HEET kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Fedha hizo ni za majengo, maabara, kusomesha wahadhiri na kupitia upya mitaala ya vyuo vikuu, ili mhitimu atoke na ujuzi unaotakiwa kazini. Tunaunga mkono. Lakini mkopo tutaulipa sote, hata mama anayeuza vitumbua stendi. Tuna haki ya kuuliza tunanunua nini.

Waajiri wameitwa mezani kutoa maoni kuhusu mitaala hiyo. Kilio chao ni kilekile: wahitimu hawajaiva. Sawa. Nasi tunawauliza: kijana akileta barua ya kuomba fildi, mnampokea? Vijana wa kata hii wamezunguka na barua mpaka bahasha zimechakaa. Wengine waliopokelewa walitumwa chai na kutoa kopi, mwisho wakagongewa muhuri kwamba wamejifunza. Huo ni uongo wenye muhuri.

Sisi tuliosoma uhasibu tunajua hesabu haisawaziki kwa kubadilisha jalada la leja. Kijana ambaye hajawahi kukabidhiwa stakabadhi halisi hatajua kufunga hesabu za mwezi, hata mtaala uandikwe upya mara kumi.

Wazee wetu waliliona hili. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Leo hatudai hivyo. Tunadai mlango wa ofisi ufunguliwe.

*MSIMAMO WA TAWI*

1. Halmashauri ibandike kila mwaka idadi ya nafasi za fildi katika kila idara, na vigezo vya kuzipata. Zisigawiwe kwa kujuana.

2. Kampuni inayopewa zabuni kwa fedha za umma ipokee wanafunzi na iwape kazi ya fani yao.

3. Tuanze na sisi. Tawi litapokea mwanafunzi mmoja wa uhasibu, apitie vitabu vyetu vyote na kusoma taarifa yake mbele ya wanachama. Mwenye gereji, duka la dawa au shamba naye ajitokeze.

Majina yapelekwe kwa viongozi wa mashina kabla ya kikao cha Jumapili, saa 10 jioni. Diwani atakabidhiwa msimamo huu hapo hapo.

Tusiwalaumu vijana kwa kutojua kazi ambayo tumewanyima.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi