MSICHANGANYE DAWA ZA CHOO, NA MABWANA WATOE GLAVU

Ndugu wafanya kazi wa Ndhiwa,

Leo twaandika habari ya choo. Wako watakaocheka. Na wacheke, maana hao hawashiki brashi. Sisi tunaoosha vyoo vya shule, vya zahanati na vya nyumba za wageni hatuna la kuchekea.

Asubuhi mfagiaji hupewa chupa ya soda isiyo na karatasi, imejazwa dawa ya kupimiwa sokoni. Ni Jik au ni asidi? Hakuna ajuaye. Akiuliza, huambiwa: "Changanya zote mbili, choo kitatakata upesi." Twasema wazi: amri hiyo yaweza kuua mtu.

Jik ina klorini. Dawa nyingi za kusugua bakuli la choo ni asidi. Zikikutana hutoka gesi ya klorini, ile ile Wajerumani waliyowapelekea askari wa Ufaransa, na Waalgeria kati yao, huko Ypres mwaka 1915. Wale walikuwa uwanjani penye upepo. Sisi tumo chumbani mwenye dirisha la kiganja. Wala mchanganyiko hauongezi usafi. Nguvu ya dawa hutoka chooni ikaingia kifuani mwa mfagiaji. Hata mkojo ukikutana na Jik hutoa mvuke unaochoma; mwaga maji kwanza.

Kazi ya haki ni hii. Fungua mlango na dirisha. Osha kwa sabuni na brashi, kwani Jik ikikuta uchafu nguvu yake hupotea bure. Kisha, kama karatasi ya chupa yasema 3.5 kwa mia, tia kikombe 1 cha Jik katika vikombe 6 vya maji baridi, uache dakika 10. Tengeneza ya siku hiyo tu. Asidi iwe na siku yake na ndoo yake. Ikiruka machoni, osha kwa maji safi dakika 20, halafu hospitali. Ukianza kukohoa, toka nje upesi. Bwana atangoja.

Mabwana hulia kwamba glavu ni ghali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yamwamuru mwajiri kuwapa wanaoshika vitu vya kudhuru glavu, viatu na miwani vinavyofaa. Yasema kutoa, haisemi kukopesha.

Na sisi tuna kosa letu. Wako wenzetu wajisifuo: "Mimi nimezoea." Ndugu, pua huzoea harufu, mapafu hayazoei sumu.

Basi twadai mambo matatu: chupa yenye karatasi yake, glavu na viatu kwa kila mfagiaji, na marufuku ya kuchanganya. Mmoja akikataa chupa isiyo na jina ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, bwana mwenyewe atakwenda dukani.

Umoja ni nguvu!