KIBARUA WA GETINI NI NDUGU YETU



Kila alfajiri wenzetu wa Mukuru kwa Njenga hutembea kwa miguu mpaka Industrial Area, wakasimama mbele ya mageti ya viwanda. Nyapara hutoka, huchagua wachache, na waliosalia hurudi nyumbani mikono mitupu. Kesho tajiri akiwahitaji atawakuta palepale. Hao ndio wachezaji wake wa akiba, na akiba hiyo haimgharimu hata senti moja.

Huko Marekani, katika mpira wao wa kubeba mikononi, kila timu ya ligi ya NFL ina wachezaji wa akiba wanaofanya mazoezi pamoja na wenzao ila hawamo katika orodha ya mchezo. Wakati wa msimu hulipwa kila wiki, waingie uwanjani wasiingie. Mkataba wa mwaka 2020 ulisema malipo hayo yasipungue dola 8,400 kwa wiki. Anayepandishwa kucheza hulipwa wiki ile kama mchezaji kamili. Sisi hatuzionei wivu dola zao. Twataka mjue malipo hayo yalitoka wapi: chama chao kiliketi mezani na matajiri, yakaandikwa.

Lakini mwaka 1987, wachezaji hao walipogoma, matajiri waliita watu wa nje, wengi wao wakiwa wameachwa na timu, wakacheza wiki tatu. Mgomo ukavunjika. Nasi tusijidanganye. Tukimdharau kibarua leo, siku ya mgomo tajiri atamfungulia geti, na tutamlaumu kwa haki gani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja ahesabiwe mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Ndiyo maana wako matajiri wanaompumzisha mtu kabla mwezi haujatimia, kisha wakamwita tena.

Basi yatupasa mambo mawili. Wewe kibarua, andika daftarini kila siku uliyofanya kazi na ulicholipwa. Bila hesabu hiyo madai yako yatakuwa maneno matupu. Nawe mwenye kazi ya kudumu, mwite mwenzako wa getini aingie chamani kabla tajiri hajamwita.

Umoja ni nguvu.