Kipimo cha unyanjano kianze kwa muuza miche

Mkulima wa Bukoba au Muleba hahitaji kuelezwa unyanjano ni nini. Tangu mnyauko huu wa migomba ubainike mkoani Kagera mwaka 2006, vibanja vingi vimeuona: majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na shina likikatwa linatoa usaha. Wachuuzi wa ndizi wa Bilele nao wanaujua kwa upande wao, kwa mkungu unaopendeza nje kumbe ndani ni wa kahawia.

Hata hivyo, mgomba unaoonekana kuumwa si tatizo kubwa. Huo unakatwa. Tatizo ni chipukizi lenye afya machoni, linalouzwa au kupewa jirani bure, huku likiwa limeshabeba bakteria. Bwana shamba hawezi kuligundua kwa kulitazama. Maabara inaweza, kwa kupima vinasaba, yaani DNA ya kimelea, lakini maabara inataka mashine, umeme na mtaalamu, na mche hausubiri.

Ndiyo maana tunaona teknolojia ya kuunganisha DNA na chembe za dhahabu inatuhusu. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha namna ya kupachika vipande vya DNA kwenye chembe za nanomita 13. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Chembe hizo zikiwa zimetawanyika majini, maji huwa mekundu. Vipande vile vikikutana na DNA inayolingana navyo hushikana nayo, chembe zinavutwa pamoja, na rangi inageuka kuelekea buluu. Macho yanatosha kusoma jibu.

Dhahabu hiyo si ngeni kwetu. Mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati mara nyingi ni chembe hizo hizo, ingawa pale kinachonasa ni kingamwili, si DNA. Mwaka 2015 watafiti walichapisha kazi yao juu ya kipimo cha utepe cha namna hiyo kwa ajili ya unyanjano.

Mapungufu yapo. Chumvi na utomvu wa mgomba vinaweza kuvuruga rangi hata pasipo kimelea, na DNA ya bakteria aliyekwisha kufa nayo hujibu.

Kumgawia kila mkulima kipimo ni ndoto, na hakuna haja. Kianzie kwenye vitalu na kwa wanaosafirisha miche kutoka kata moja hadi nyingine, ambako mche mmoja mbovu huambukiza kibanja kizima. Halmashauri za Bukoba na Muleba zikae na kituo cha utafiti cha TARI Maruku, wakijaribu hapa hapa kwenye migomba yetu, na gharama iingizwe katika bei ya mche. Mnunuzi atalalamika. Lakini apige hesabu ya kung'oa shina zima, kuacha ardhi ipumzike miezi kadhaa, kisha kusubiri mkungu wa kwanza.

Kwa sasa, ua dume livunjwe kwa fimbo yenye panda, si kwa panga, na panga lipitishwe motoni au kwenye Jik kila baada ya mgomba. Na atakayekuja gulioni na kichupa cha rangi akidai kinapima unyanjano, aulizwe kwanza kama Maruku wanakijua.