Mashua Zirukazo

Mara nyingi walimu wa shule huulizwa na watoto: eropleni ikishuka juu ya maji, mbona haizami? Swali hilo ni jema, na mwezi huu twataka kulijibu, kisha kuwasimulia habari ya ndege moja iliyoshuka mahali pasipoifaa.

Ndege za maji ni za namna tatu. Ya kwanza ni eropleni kama zilizo nyingine, ila mahali pa magurudumu imetiwa vyombo viwili virefu vya kuelea, mfano wa mitumbwi iliyofunikwa. Ndege ya namna hiyo ndiyo iliyotangulia zote, maana Mfaransa Henri Fabre alipaa kutoka majini tarehe 28 Machi 1910, karibu na Martigues. Ya pili ni mashua irukayo. Hii haina vyombo chini, bali mwili wake wenyewe ni mashua, nayo huketi majini kwa tumbo. Na chini ya mabawa ina viboya viwili vya kuizuia isilale upande, kama matengo yazuiavyo ngalawa. Ya tatu ina tumbo la mashua na magurudumu pia, hata iweze kushuka majini na nchi kavu. Za namna hii zatumika hata leo kuzima moto wa misituni: moja iundwayo Kanada huteka lita 6,000 za maji ziwani katika nukta 12 pasipo kusimama.

Haizami, basi, kwa sababu ileile isiyoizamisha jahazi. Lililo gumu ni kuondoka majini, kwa kuwa maji hushika. Mashua ikianza kwenda huwa nzito, yatimua povu. Kasi ikizidi huinuka, ikaenda juu ya uso wa maji kama jiwe bapa lirushwalo na mtoto. Wenye kuiunda huikata tumbo lake chini, pakawa na kidato kama cha ngazi, ili hewa ipate kuingia nyuma yake na kuachanisha maji na ubao. Watu hudhani maji matulivu kama kioo ndiyo mema kuliko yote. Sivyo. Maji hayo hushika zaidi, na tena rubani akishuka hawezi kupima kwa macho uso wa maji uko wapi. Hupenda apate viwimbi vidogo, na mara nyingine motaboti hupitishwa mbele ili kuvifanya. (Neno hili rubani ni la pwani yetu tangu kale, lilikuwa la mwongoza jahazi kabla halijawa la mwongoza ndege.)

Mwaka 1937 mashua hizo zilianza kupita katika nchi zetu, zikitoka Southampton katika Uingereza mpaka Durban. Zilifuata mto Naili, zikashuka Khartoum, Malakal, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha kusini. Upana wa mabawa ulikuwa futi 114, na injini zilikuwa nne. Sababu ya kuchagua maji ni nyepesi kueleweka: kiwanja cha ndege chataka watu wa kukata miti na kusawazisha nchi, bali ziwa limekwisha kusawazishwa. Mwaka huohuo barua ya wakia nusu itokayo Uingereza ilichukuliwa kwa ndege kwa peni moja na nusu tu. Wamisionari na walimu waliokuwa wakingoja meli majuma kadha walipata habari za nyumbani kwa siku chache. Nasi twaona faida hiyo ilikuwa kubwa kuliko fahari yote ya abiria.

Hata hivyo viwanja vilivyojengwa wakati wa vita vya 1939 hata 1945 vilizipunguzia kazi mashua hizo, na mwezi wa Novemba 1950 shirika la Waingereza liliziacha kabisa.

Sasa twaja kwenye ile habari tuliyoahidi. Tarehe 14 Machi 1939 mashua moja, jina lake Corsair, iliondoka Port Bell ikienda Juba. Chombo cha kuwaonyesha njia kiliwadanganya, wakapotelea magharibi, hata wakawa juu ya Kongo ya Wabelgiji, na petroli inakaribia kwisha. Hapakuwa na ziwa. Rubani aliuona mto Dungu, karibu na Faradje, mto mwembamba, akashuka hapo. Mwamba ukapasua tumbo la ndege. Naye akaiendesha mpaka matopeni ukingoni isije ikazama. Watu wote walitoka salama. Mtume Paulo na wenzake, jumla yao watu 276, nao walipandisha jahazi lao pwani ya Melita, wakaokoka wote. Lakini jahazi lile lilivunjika, na hii watu walitaka kuiponya.

Mafundi wakaja kutoka Uingereza, wakaiziba katikati ya matope, joto na mbu. Mwezi wa Julai wakajaribu kupaa, nayo ikapiga mwamba mwingine, wakarudi mwanzo. Kisha kiangazi kikaja, na mto ukapungua. Vita navyo vikaanza Septemba, ndege moja ikawa na thamani kuliko kwanza. Je, mtafanyaje, mashua iko mzima na maji hayatoshi?

Wakaamua kuyaongeza maji. Watu wa nchi ile waliitwa, wakakata njia ya kupitishia vyombo, wakajenga ukuta wa kuukinga mto, hata maji yakajaa nyuma yake na kuifunika miamba. Kambi ya wafanya kazi ikawa kijiji, nacho kikaitwa Corsairville, maana yake mji wa Corsair. Wasimulizi hupenda kuwasifu marubani na mafundi, nao wastahili. Lakini injini nne hazikuweza kuongeza hata shubiri moja ya maji katika mto Dungu. Mikono iliyojenga ukuta ndiyo iliyoweza, nayo ni mikono ya watu ambao wengi wao hawakupata kupanda ndege.

Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi tangu kupotea, rubani mwingine aliwasha injini katika maji hayo ya kukingwa. Corsair ikakimbia, ikainuka juu ya kidato chake, ikaachana na mto. Ilirudi kazini, ikachukua watu na barua miaka mingine saba, hata ilipovunjwa Uingereza mwaka 1947.