Ukisema, wanauliza babu yako alizaliwa wapi

UZI mrefu. Chukua chai.

1.
Ndugu zangu wa zamu, na nyie wengine mnaonifuata kwa ajili ya habari za presha na chanjo: leo naandika kuhusu uraia, na kuhusu vyama vya wafanyakazi vinavyokaa kimya wakati uraia unageuzwa fimbo ya kuchapia watu. Najua kuna watakaosema, "Sista, hiyo siasa, rudi kwenye dripu zako." Sawa. Someni mpaka mwisho kwanza, matusi baadaye.

2.
Tuanze na orodha fupi.

Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, aliambiwa si raia.

Mwaka 2018 Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliitwa Uhamiaji kuhojiwa uraia wake, akatakiwa kuleta vielelezo vya wazazi mpaka babu na bibi.

Mwaka huohuo Aidan Eyakuze wa Twaweza alichukuliwa pasipoti. Wiki chache kabla, taasisi yake ilikuwa imetoa utafiti ulioonyesha kukubalika kwa Rais kumeshuka kutoka asilimia 71 hadi 55.

Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alikamatwa. Tukaambiwa ni suala la uraia. Siku chache baadaye mashtaka yakawa uhujumu uchumi. Uraia ukapotelea wapi? Hata sijui.

3.
Umeona mpangilio? Ulimwengu alikaa bungeni, alikula kiapo mbele ya nchi nzima, na uraia wake haukumsumbua mtu. Kwanza unasema, ndipo babu yako anaanza kutafutwa. Huo si ulinzi wa mipaka. Mpaka uko Kigoma, Kagera, Mutukula, Horohoro. Haupo kwenye mdomo wa mtu.

4.
Sasa, nesi wa Tabora hili linamhusu nini? Linamhusu kwa sababu mji huu wote umejengwa na wapita njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Waswahili wa pwani, Waarabu, Wamanyema kutoka Kongo, wengine hawakuondoka tena. Wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapahapa. Na sisi Wanyamwezi tulikwenda kwa watu vilevile. Msiri alitoka huku kwetu akifuata biashara, akafika Katanga, akaishia kuwa mfalme wa Garenganze mpaka alipouawa mwaka 1891. Mgeni akawa mfalme! Leo mjukuu wa mpagazi wa Unyanyembe anamwambia mjukuu wa mpagazi wa Manyema alete cheti cha babu yake. Babu gani wa wakati ule alikuwa na cheti?

5.
Njoo karibu zaidi, Ulyankulu, mkoa wetu huuhuu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipokelewa pale, wengine Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania. Nchi chache sana duniani zimefanya jambo la namna hiyo, na mimi najivunia. Watoto wao leo tunavaa nao sare moja.

Lakini mwaka mmoja kabla, Septemba 2013, ilipita Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu wakafukuzwa, wakiwemo watu waliokaa miaka mingi, waliooa na kuolewa na Watanzania. Familia zikakatwa katikati. Mkono uleule unaogawa vyeti ndio uliokuwa unafukuza. Mtu akishayaona yote mawili, cheti chake hakimpi usingizi tena.

6.
Na hapo ndipo mimi nakutana nalo kazini. Mama akisikia neno "operesheni", kliniki haji. Anahofia ataulizwa jina, kijiji, baba yake nani. Anakaa nyumbani na miguu iliyovimba na kichwa kinachogonga. Unaletewa akiwa tayari anatetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba hakisubiri NIDA. Wala hakiulizi mtoto aliyemo tumboni ni Muha, Mrundi au Msukuma. Kwa hiyo usiniambie hili ni la wanasiasa na maprofesa. Hofu ikiingia kijijini, inaishia wodini.

7.
Twende kwa maprofesa basi, maana wao walitangulia.

Nairobi, 1980. Rais Moi alikifuta chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu. Katibu mkuu wake alikuwa Willy Mutunga, mwanasheria aliyesoma Mlimani, Dar es Salaam. Moja ya mambo chama kilichodai ni Ngũgĩ wa Thiong'o arudishiwe kazi yake ya kufundisha baada ya kutoka kizuizini. Mwaka 1982 Mutunga naye akawekwa kizuizini bila kesi, akatoka 1983. Miaka mingi baadaye akawa Jaji Mkuu wa Kenya.

Dar es Salaam, 1990. Wahadhiri, kupitia UDASA na jumuiya wenzao za vyuo vingine, walitoa Azimio la Dar es Salaam. Halikuhusu uhuru wa kufundisha peke yake. Lilihusu pia wajibu wa msomi kwa jamii yake. Yaani walijifunga wenyewe: tukidai uhuru, tunadaiwa na watu.

8.
Sasa unganisha. Mei 2025 Mutunga huyohuyo, mzee, Jaji Mkuu mstaafu, alipanda ndege kuja kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Alizuiwa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na kurudishwa Kenya. Siku moja kabla, Martha Karua alifanyiwa hivyohivyo. Aliyesomeshwa sheria Mlimani alikatazwa kwenda kukaa kwenye benchi la wasikilizaji, Kisutu. Na haya yametokea ndani ya Jumuiya ambayo tangu 2010 ina itifaki ya soko la pamoja, inayosema raia wa nchi wanachama watembee huru.

9.
Marekani nako, msidhani ni peponi. Mwaka 2025 serikali yao ilianza kukamata wanafunzi na wahadhiri wa kigeni waliotetea Wapalestina, ili iwafukuze nchini. Chama cha maprofesa, AAUP, hakikuishia kulaani. Machi kilikwenda mahakamani Boston. Septemba 30 Jaji William Young akaamua kwamba viongozi wa serikali walivunja haki ya kujieleza. Kumbuka, waliotishiwa ni wageni, na wengi hawakuwa hata na kadi ya chama. Maprofesa walielewa kwamba mgeni akinyamazishwa leo kwa viza, mwenyeji atanyamazishwa kesho kwa njia nyingine.

10.
Na sisi? Kila mwezi mshahara unakatwa ada ya chama. Nimewahi kulileta hili kwenye mkutano wa tawi, sitaji wapi, nikajibiwa tujadili posho na fulana za Mei Mosi. Posho nazitaka, sikatai! Lakini chama kinachotetea posho yako bila kutetea mdomo wako, siku posho ikiliwa utailalamikia kwa mdomo gani?

Sisi wa afya sheria inatubana kugoma, na naelewa sababu. Kutoa tamko si kugoma.

11.
Nataka vyama vyetu, vya wahadhiri, walimu na afya, viseme pamoja mambo matatu:

Moja, hospitali si kituo cha mpakani. Mgonjwa anatibiwa kwanza, na siri yake haitoki kwenye faili kwenda kwa mtu wa operesheni.

Mbili, anayetiliwa shaka uraia wake apewe sababu kwa maandishi, na abaki na kazi yake na pasipoti yake mpaka mahakama iamue.

Tatu, mhadhiri, mwanafunzi, mwandishi au nesi akianza kuulizwa babu yake mara tu baada ya kusema jambo, vyama vitoke hadharani wiki hiyohiyo.

12.
Utaniambia nchi lazima ilinde mipaka. Ndiyo, ilinde. Anayesafirisha watu kimagendo akamatwe, mwenye silaha akamatwe. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalozuia hilo.

Utaniambia uzalendo. Oktoba 1961 wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Aliyesimama kuwakatalia, akatishia kujiuzulu uwaziri mkuu, ni mwalimu wa zamani wa St. Mary's hapa Tabora. Mnamjua jina. Mkabishane naye.

13.
Kama una kadi ya chama, mkutano wa tawi ujao simama uulize: msimamo wetu ni upi? Omba uandikwe kwenye muhtasari. Ukijibiwa vizuri au vibaya, njoo uniambie hapa chini.

Na kama hukubaliani nami, leta hoja. Usiniulize kabila langu.